Ruhusa ya Mwamvua Kuvuka Ziwa

Kilibula, Uvira, tarehe 11 Februari 2024

Kwa Iddy, Luberizi.

Assalam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mashine yako ya kukoboa mpunga nayo inazunguka. Sisi huku tuko salama. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, barazani hapakaliki, kwa hiyo cherehani nimeiingiza sebuleni na wateja wanakuja kunipigia kelele humo humo ndani. Gunia la mchele ulilompa dereva Héritier mwezi uliopita lilifika. La mwezi uliotangulia lilifika pia. Sikuandika kushukuru, basi naandika sasa.

Mtoto wako Mwamvua hajambo. Yuko mwaka wa nne wa msingi na amekuwa wa tatu darasani. Kila anayemwona anasema amechukua uso wa marehemu bibi yake, kama alivyochukua jina lake. Namwita mke wangu, naye ananijibu kwamba hataki mume mwenye mvi puani. Mama yake anakusalimu.

Jambo lenyewe ni dogo. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya otorizasio, ruhusa ya mzazi. Inataka sahihi ya baba na mhuri wa ofisi ya huko kwenu. Ni karatasi ya kawaida. Tia sahihi pale nilipoweka alama ya kalamu ya risasi, umkabidhi Héritier.

Sitasema mengi. Tangu mlipoachana, wewe na binti yangu Mapendo, ni miaka mitatu sasa, na mimi nawe hatujasemezana. Sioni sababu ya kuanza leo kwa maneno marefu.

Kasimu, fundi cherehani

*

Luberizi, 3 Machi 2024

Mzee wangu Kasimu,

Waalaikum salaam. Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilifikiri ni habari ya msiba. Nikatembea nayo mfukoni siku mbili bila kuifungua. Namshukuru Mungu kwamba ni uzima.

Huku watu wanaleta mpunga tangu alfajiri, na vumbi la pumba limenikaba koo. Mama yangu anasumbuliwa na magoti lakini ukimwambia apumzike anachukua jembe. Anawasalimu wote.

Karatasi nimeisoma, Mzee. Nimeisoma polepole, kwa sababu Kifaransa changu unakijua. Imeandikwa kwamba minye Iddy, baba wa Mwamvua, namruhusu atoke nje ya nchi. Anakwenda wapi? Na nani? Atarudi lini? Mahali pa kuandika mji pameachwa wazi.

Tena Mapendo anaandika vizuri kutushinda sisi wote wawili. Mbona hakuniandikia mwenyewe? Nilimuuliza Héritier, maana yeye hushusha gunia mlangoni kwako, kama amemwona Mama Mwamvua. Alikuna kichwa, akasema, "Iddy, tangu kabla ya Noeli sijamwona. Naonaga mzee na mtoto tu."

Sijatia sahihi. Si ubishi. Naomba kuelezwa.

Unambie pia anavaa kiatu namba ngapi siku hizi.

Iddy

*

Kilibula, 24 Machi 2024

Kwa Iddy.

Namba thelathini na tatu, lakini nunua thelathini na nne, vidole vyake vinakua haraka.

Ramadhani inakwenda vizuri. Mwamvua alisema atafunga mwezi mzima kama watu wazima. Siku ya kwanza, saa sita ya mchana, nilimkuta jikoni na samaki ndagala mdomoni. Nikamuuliza, "Mke wangu, saumu iko wapi?" Akasema, "Babu, naonja chumvi tu, usije ukafuturu chakula kibaya." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa anafunga nusu siku na anajisifu kwa majirani.

Umeniuliza na sina budi kujibu. Mapendo hayuko hapa tangu Oktoba. Yuko Ujiji kwa dada yangu, ng'ambo ya ziwa. Dada anashona sare za shule, kazi ikamzidi, akaomba mkono wa kumsaidia. Mapendo alikwenda kwa miezi mitatu kujaribu. Sasa ana cherehani yake na chumba chake, na anataka mtoto wake. Bandarini Kalundu hawamruhusu mtoto kupanda meli ya kwenda nje kama baba hajaandika. Karatasi hiyo alinitumia Desemba. Niliiweka chini ya vitambaa vya wateja, ikakaa humo miezi miwili.

Salamu zake nilizitunga mimi. Hakukutuma salamu. Wala hakukutukana, usifikirie hivyo. Aliniambia tu, "Baba, mwombe wewe, mimi siwezi."

Kwa nini nilikuficha? Nilijua ukisikia kwamba mama hayupo utakuja kumdai mtoto. Na mimi nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja, na sauti hiyo ni ya Mwamvua.

Kuhusu hiyo sahihi, usiharakishe. Acha karatasi ikae kwako kwanza.

Kasimu

*

Luberizi, 14 Aprili 2024

Mzee Kasimu,

Idd iliyopita iwe ya heri kwenu. Sisi tulichinja kuku, tukala na majirani.

Basi tangu Oktoba Mwamvua ana mama mzima na baba mzima, na anakaa bila hata mmoja wao. Na minye niko hapa, safari ya asubuhi moja tu kwa lori! Kama mama yake hayupo, mtoto anapaswa kukaa na mimi. Hakimu yeyote atasema hivyo. Mama yangu ameshafagia chumba. Nitakuja kumchukua, na sitasimama mlangoni nikiinamisha kichwa.

Maneno hayo juu niliyaandika jana. Leo nimeyasoma tena na sikuyafuta, kwa sababu ni ya kweli. Lakini kuna mengine ya kweli ambayo sijakuambia, nawe umenitangulia kusema yako.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nafika Uvira na lori la Héritier. Yeye anashusha mchele sokoni, mimi naenda kusimama kwenye kibanda cha vocha kinachotazamana na shule ya Mwamvua. Nanunua vocha nisiyoihitaji. Saa sita na nusu wanatoka. Nilimwona alipong'oka meno ya mbele. Nilimwona na ile sweta ya kijani, mikono mirefu ameikunja. Mwezi wa pili alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, nikakaa wiki nne nikijiuliza ni nini. Ndiyo maana nilikuuliza kiatu.

Sijawahi kumwita. Siku ile tulipozika uliniambia nisikanyage mlango wako wala nisimkaribie binti yako wala mjukuu wako. Niliona nastahili. Hata sasa, nikitaka kumwita, sauti yako ndiyo inanijia.

Iddy

*

Kilibula, 19 Mei 2024

Mwanangu Iddy,

Utasema nimekawia. Maji ya ziwa yamepanda mwaka huu kuliko tulivyowahi kuona. Majirani wa upande wa chini wamehamia kwa ndugu zao, na barazani kwangu pamejaa magodoro na masufuria ya watu. Nyumba yetu haikuguswa. Mtoto alifurahi kupata wenzake wa kucheza nao hadi akasahau buletini yake ya matokeo ya shule chini ya godoro la watu, tukaitafuta siku nzima.

Lakini maji siyo yaliyonikawiza. Barua yako niliisoma mara moja tu, nikashindwa kuishika tena.

Nataka kuandika jina la mtoto wenu. Sadiki. Miezi minane. Wewe ulikuwa Bukavu kutafuta mkanda wa mashine, homa ikapanda, Mapendo akakimbia naye barabarani peke yake kutafuta gari. Nilipofika Luberizi alikuwa ameshavishwa sanda. Na mimi, mbele ya watu, na udongo bado mkononi mwako, nikakuambia, "Chuma ulikijali kuliko mtoto." Nilijua ni uongo wakati ule ule nasema. Nilitaka mtu wa kumlaumu, nawe ulikuwa umesimama karibu.

Kisha nikampakia binti yangu garini. Hakuniomba. Alikuwa kama gunia, unalibeba linabebeka. Wiki nne baadaye ndipo nilipokutumia watu wadai talaka. Wewe ukaitoa bila neno, nikafikiri, kumbe hakuwapenda. Leo naelewa kwamba ulikuwa unajiadhibu, na mimi ndiye niliyekupa fimbo.

Juzi nilimuuliza Mwamvua anataka kukaa wapi. Alikuwa ananifungia vifungo kwenye shati la mteja. Akasema, "Minye nataka mama."

Nikamuuliza, "Na baba?"

Akasema, "Baba naye nataka. Lakini baba hanitaki. Angenitaka angekuja."

Iddy, nilishindwa kula siku hiyo. Nikamwambia, "Baba yako anakutaka. Ni babu aliyemfungia mlango." Alinitazama. Hakulia. Akaendelea na vifungo, na mpaka kesho yake hakuniita mume wake.

Kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 3 Juni usinunue vocha. Njoo nyumbani. Mguu ulikuwa ni msumari wa kiatu, umepona zamani.

Na lile neno langu la Machi, kwamba usiharakishe kutia sahihi, sikulisema kwa ajili yako. Nililisema kwa ajili yangu.

Kasimu

*

Luberizi, 9 Juni 2024

Baba,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama amefurahi kusikia kwamba nilikula kwako, ameniuliza mara tatu ni nani aliyempika huyo samaki wa mukeke, na hataki kuamini kwamba ni wewe.

Naandika kwa sababu mengine sikuweza kuyasema pale sebuleni, na wewe umekaa na cherehani ukijifanya unashona. Nilikuona, Baba. Ulipitisha mshono mmoja mara tano.

Mwamvua alinipa mkono kama mgeni. Nikampa viatu, akavijaribu, akasema asante, akaviweka mlangoni. Halafu akaja kusimama mbele yangu, akauliza, "Weye ulikuwa wapi?" Nilikuwa nimeandaa majibu tangu Luberizi, njia nzima namsumbua Héritier nayo. Nikayaacha yote. Nikamwambia, "Nilikuwa ng'ambo ya barabara." Nikamweleza kibanda, sweta, meno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Siku ile ya sweta minye nilikuona. Nikafikiri ni muntu anayefanana na baba." Akanikalia gotini, mzito, miaka tisa! Nilitaka kumbeba hivyo hivyo mpaka kwenye lori.

Ndipo akachukua simu yako akampigia mama yake bila kutuuliza. Sikuwa nimesikia sauti ya Mapendo kwa miaka mitatu. Ulitoka nje, kwa hiyo sitakuficha tulichosema. Nilimwambia kwamba nilikwenda Bukavu asubuhi ile kwa sababu mtoto alikuwa anacheza, hakuwa na joto. Akasema, "Najua, Iddy. Mimi ndiye niliyekuambia uende." Kisha akasema, "Simtoroshi mtoto. Niliogopa kukuomba, kwa sababu ungekubali haraka kama ulivyokubali talaka, nami ningebaki najiuliza tena."

Basi sikukubali haraka. Nilimwambia vakansi kubwa ya mwaka huu, Julai nzima, Mwamvua akae Luberizi na mimi. Likizo za Desemba kila mwaka aje kwangu pia, na za Juni aje kwako. Kila Ijumaa anipigie simu, au mimi nimpigie. Na kama siku moja atasema hataki kukaa huko, asilazimishwe. Mapendo alikubali yote. Akaongeza moja: nisimwache mtoto karibu na mashine. Nikaapa.

Nilitia sahihi juzi Ijumaa, katibu wa ofisi akagonga mhuri. Mahali pa mji nimeandika Ujiji kwa mkono wangu. Baba, niliandika polepole. Katibu akaniuliza kama naumwa.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Ningeweza kuipoteza njiani, na Mungu anisamehe, niliwaza hivyo.

Iddy

*

Kilibula, 6 Julai 2024

Mwanangu,

Barua hii anaileta mwenyewe mhusika, kwa hiyo sina haja ya kukuambia hali yake. Amepita, ni wa pili sasa. Mwulize akuonyeshe buletini, lakini usijifanye unaisoma haraka, anapenda kila somo lisifiwe.

Akisema hali mboga ya sombe, ni uongo, anakula sana akiona mtu mwingine anakula. Nywele asisukwe kwa kukazwa, kichwa chake kinauma upesi. Akiwa na hasira haongei, anapanga vitu. Ukikuta viatu vyote vimepangwa mstari, muulize kuna nini. Anapenda kuhesabiwa namba mpaka usingizi umchukue, usiishie mia, ataamka.

Nyumba imekuwa na sauti ya cherehani tu. Nimeirekebisha usukani mara mbili leo na haikuwa na ubovu.

Usiogope kumgombeza. Usinijibu haraka, kaa naye.

Kasimu

*

Luberizi, 28 Julai 2024

Baba,

Mtoto anakula sombe. Tumefika mia tatu na arobaini.

Wiki ya kwanza alipanga viatu kila siku, hadi ndala za majirani. Sikujua la kufanya. Wiki ya pili nilikaa chini nikapanga naye. Akaniambia kwamba anaogopa akifika Ujiji atasahau uso wangu kama alivyoanza kuusahau mwanzo. Tukaenda kupigwa picha kwa mtu wa kituo cha magari, sisi wawili na mama yangu, na mama hakukubali kuacha jembe. Mwamvua ameiweka picha hiyo ndani ya daftari lake la hesabu.

Mama amemfundisha kupepeta mchele. Unga wa pumba unampanda hadi kwenye kope. Kwenye mashine hakanyagi, nimechora mstari chini na yeye ndiye askari, anawafukuza hata wateja.

Alhamisi aliniuliza mdogo wake amelala wapi. Sikutaka, Baba. Sikuwa nimefika pale tangu arobaini yake. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Majani yalikuwa mengi, tukayang'oa, akasoma Fatiha, akakosea katikati, akaanza upya. Tulipomaliza akasema, "Tumwambie mama kwamba tumefagia." Ijumaa alimwambia. Mapendo alilia kwenye simu na mtoto akambembeleza, "Mama, nyamaza, ni pasafi sasa."

Nimejaribu kujichukia kwa sababu namrudisha. Siwezi. Lakini siku zimebaki chache na zinakwenda mbio.

Iddy

*

Kilibula, 22 Septemba 2024

Mwanangu Iddy,

Nimekawia tena, na safari hii hakuna maji ya kusingizia.

Mapendo amepiga simu. Wamempokea Mwamvua shuleni, amerudishwa darasa moja nyuma kwa ajili ya Kiingereza, na amekasirika. Mama yake anasema amepanga viatu vya nyumba nzima. Nilimwambia wewe utajua la kufanya, akupigie. Natumaini amekupigia.

Nawaza siku ile ya Kalundu. Mapendo aliposhuka kumchukua nilifikiri mtapeana migongo. Mkasimama pembeni kando ya magunia, mkaongea, na mtoto kati yenu ameshika nguo zenu wote wawili. Sikuuliza mlisema nini na sitauliza. Yule afisa wa bandari alipomaliza kukagua karatasi alitutazama sisi wawili tuliokuwa tunabaki, akaniuliza, "Mzee, huyu ni nani kwako?" Nikamjibu, "Ni baba wa mtoto." Meli ilipoondoka ukanishika mkono kunipandisha ngazi, nami nikaona aibu kwa jibu lile. Ningeweza kusema vizuri zaidi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Mapendo halijui. Macho yangu yamekwisha. Kwenye cherehani bado najitahidi, mkono unajua njia. Lakini sindano ya mkono, ya vifungo na pindo, tundu lake silioni tena. Mwaka mzima Mwamvua ndiye aliyekuwa ananitilia uzi. Nilimwomba asimwambie mtu, akatunza siri.

Asubuhi ya safari nilimtafuta, nikamkuta amekaa chini ya dirisha. Alikuwa ametia uzi sindano thelathini, nyeupe, nyeusi na buluu, akazichomeka kwenye kipande cha kanga mstari kwa mstari. Akasema, "Babu, tumia moja moja."

Nimetumia moja moja. Leo zimebaki sita.

Chumba chake kimefagiwa na kitanda kipo. Njoo kabla hazijaisha, mwanangu, na usije kama mgeni.

Baba yako,
Kasimu